Siku 2 nikiwa Tuvalu
Wapendwa jana tumemaliza ile MUN, mkutano wa wanafunzi wa kuigiza Umoja wa Mataifa, na mi nilipangiwa Tuvalu, nchi ndogo ya visiwa kwenye bahari ya Pasifiki. Mwanzo niliumia kweli, wenzangu wamepata Marekani na China, ila nilivyoanza kusoma usingizi ukapotea. Watu kama elfu 11 tu, visiwa 9 viko chini chini bahari inavila, halafu ule mkataba wa wakimbizi wa 1951 haumtaji kabisa mtu anayekimbia maji, unataja rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii na siasa basi. Kwa hiyo tukapendekeza nchi ikizama bado ihesabike nchi na kiti chake Umoja wa Mataifa kule New York kibaki, na watu wapate njia halali ya kuhama kama mkataba waliosaini na Australia 2023, watu 280 kwa mwaka. Delegeti mmoja akauliza hela zitoke wapi, nikamwambia mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, si mlikubali kwenye mkutano wa tabianchi Misri 2022, ujazeni basi! Tulipita kwa tofauti ya kura 3, nikalia jamani. Mpaka sasa nawawaza watoto wa Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, jioni wanacheza mpira kwenye njia ya ndege kwa sababu ardhi nyingine hakuna.