Siku moja maishani mwangu: kumchagulia mtu njia ya kwanza ya Kilimanjaro

Nakaa Kiboriloni, kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani, na siku ambazo sina msafara nakaa ofisini Moshi mjini nawapangia watu safari. Wengi wanaona ya ofisini ndo kazi ndogo, mi nasema safari inaharibika au inatengenezeka pale mezani kabla hata mtu hajafunga kamba za buti.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka nakuta voisi ndefu ya dada mmoja wa Morogoro, wako sita ofisi moja, hakuna aliyewahi kupanda mlima mrefu, wanataka alfajiri ya tarehe 9 Desemba wawe kileleni, "na dada yangu tupangie Marangu siku tano tumeambiwa ndo njia rahisi." Nasikiliza mara mbili huku chai inachemka. Namwambia tu nimeipata, tuongee saa tisa, maana mtu akishaambiwa neno rahisi halafu wewe ukamjibu kwa meseji kwamba aongeze siku, anaona unatafuta hela yake.

Saa 2 asubuhi

Daladala hadi mjini, nafungua ofisi, natandaza ramani.

Sasa nikae na hii ya Marangu kwanza, kwa sababu karibu kila Mtanzania anayenipigia anaanzia hapo, na si kwamba wamekosea moja kwa moja. Ndo njia pekee ya Kilimanjaro unayolala kwenye vibanda vyenye vitanda, zingine zote ni hema. Njia yenyewe imekaa vizuri, mteremko wake wa taratibu, hakuna mahali pa kushika mwamba kwa mikono. Wenyewe waongozaji tunaiita Coca-Cola. Lakini angalia namba za vibanda vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani kila ukilala umepanda mita 1,000 juu ya ulipolala jana, halafu kutoka Kibo usiku ule ule unatakiwa ufike kileleni Uhuru mita 5,895. Kwa siku tano mwili haujapewa hata siku moja ya kupumua. Miguu itafika bila shida, kichwa ndo kitakataa, kule juu oksijeni unayovuta ni kama nusu ya unayovuta pwani.

Siku ya sita inabadilisha kila kitu. Unalala Horombo usiku mbili, na mchana wa katikati unapanda taratibu mpaka kwenye ile miamba yenye mistari kama punda milia, hapo uko kwenye mita 4,000, unakaa kidogo, unarudi chini kulala. Sisi tunasema panda juu lala chini, na mtu mgeni wa mlima hana dawa nyingine kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza njia gani rahisi mi namuuliza kwanza una siku ngapi, jina la njia linakuja baadaye.

Saa 5

Stoo. Kuna kundi kesho linaanza njia ya Lemosho siku nane, nakagua hema, slipingi begi, mtungi wa oksijeni, kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu. Wagumu, yaani wapagazi wetu, wanakuja kupima mizigo, mwisho kilo 20, na hapo siongezi hata nusu kilo awe mgeni ni nani. Kusema ukweli kama anayeanza ana muda na hela Lemosho ya siku nane ningempa bila kufikiria, unaingilia Londorossi upande wa magharibi, unavuka tambarare ya Shira polepole, mwili unazoea bila wewe kujua. Ila ni hela, na watu sita wenye mshahara wa kawaida na likizo fupi siwezi kuwaambia hivyo halafu nikajisikia nimewasaidia.

Saa 7 mchana

Mtori kwa mama wa pembeni ya ofisi. Namkuta mzee mmoja aliyenifundisha kazi, ameshastaafu mlima. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, una watu?" Namsimulia wa Morogoro. Yeye anaipenda njia ya Machame, anasema wapeleke Machame siku saba, wanapita mwamba wa Lava Tower kwenye mita 4,600 na kitu wanashuka kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000, mwili unapata somo katikati ya safari. Ni kweli kabisa, kwa kuzoea hewa Machame ya siku saba inaishinda Marangu. Nikamwambia mzee lakini hii ni Desemba, vuli bado inaweza kuwepo, watu ambao hawajawahi kulala kwenye hema hata usiku mmoja wakilowa siku ya kwanza kule msituni watakuwa wamechoka kabla ya kufika popote, na kuna ule ukuta wa mwamba wa Barranco ambao si hatari sana ila kwa mwoga wa kimo ni asubuhi ndefu. Akanyamaza, akamaliza mtori wake. "Wape vibanda basi. Ila siku sita."

Njia ya Rongai niliifikiria pia, upande wa kaskazini karibu na Kenya ni pakavu zaidi, mteremko mzuri, ila bado ni hema. Njia ya Umbwe mtu anayeanza asitajiwe kabisa, inapanda wima mno. Na wale wanaosema anzeni na Meru kwa sababu ni mita 4,562 tu, jamani Meru ni mlima mzuri sana wa mazoezi lakini ule usiku wa kutoka kibanda cha Saddle kwenda kileleni ni ukingo wa mawe, sio matembezi.

Saa 9

Video kol, wote sita wamejibana kwenye simu moja. Dada ananieleza kwa nini tarehe 9, na namwelewa, ule usiku wa uhuru mwaka 1961 ni Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na mwenge kule juu, mtu akitaka kuwa pale siku hiyo sio jambo la mzaha. Nikawapigia hesabu kwa kurudi nyuma: tarehe 5 getini Marangu kwenda Mandara, tarehe 6 Horombo, tarehe 7 mnabaki Horombo, tarehe 8 Kibo, usiku wa manane mnatoka mnapita Gilman's Point kwenye mita 5,685, tarehe 9 Uhuru, mnashuka kulala Horombo, tarehe 10 getini.

Kaka mmoja akadakia, yeye anakimbia kila asubuhi, siku tano zinamtosha. Nikamwambia kaka yangu, mazoezi yatasaidia miguu na pumzi lakini hayakukingi na ugonjwa wa kimo, na wenye nguvu ndo mara nyingi wanaotuzidi mwendo siku ya kwanza halafu Kibo wanatapika. Ikizidi ni maji kwenye mapafu au ubongo kuvimba, hapo ni kushuka tu, usiku huo huo, bila kujadiliana. Kukawa kimya. Dada akauliza siku ya ziada ni gharama ya nini, nikamtajia: ada za hifadhi, chakula, malipo ya timu nzima kwa siku moja zaidi. Sio hela ndogo na sikuificha. Wakaomba wakajadiliane.

Saa 11 jioni

Timu ya Machame imeshuka geti la Mweka, wamefika ofisini na matope mpaka magotini. Wote wamefika Uhuru isipokuwa mgeni mmoja aliyerudishwa juu ya kambi ya Barafu, kichwa na kutapika. Msafara wao ulikuwa wa siku sita, waliikata ile siku ya kulala kambi ya Karanga. Sasa hivi yuko mzima kabisa anakula chipsi kuku, ndivyo kimo kilivyo, ukishuka kinaachia. Mwongozaji wake nimempongeza mbele ya wote, kumgeuza mtu aliyelipia kilele kunataka moyo.

Saa 2 usiku

Dada amejibu: siku sita, Marangu, fulana za kikundi wameziacha ili hela itoshe. Nimefurahi mno. Nikamtumia maelekezo: kila wikiendi mpande Morningside kwenye Uluguru na buti zile zile mtakazokuja nazo, buti mpya mlimani ni malengelenge. Nguo nzito msinunue dukani, mkifika Moshi nitawapeleka soko la Memorial kwenye mitumba mtapata jaketi za maana. Mwenye presha, pumu au selimundu aende kwa daktari wiki hii, sio Novemba, na habari ya Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo, amuulize huyo huyo daktari.

Akauliza kama vitanda vitakuwepo. Tarehe 9 vinajaa haraka, kila kikundi kinataka alfajiri ile, nikamwambia anitumie majina sita usiku huu huu. Matano yameshafika. La sita ni la yule kaka wa kukimbia, anasema ana pumu kidogo, anaanzia kwa daktari kesho asubuhi.