Jumamosi Moja Bagamoyo

Coaster iliyotutoa Makumbusho ilipopita Bunju, mama niliyekaa naye kiti kimoja alitoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya upako, akajipaka viganja na kipaji cha uso. Alikuwa anakwenda Bagamoyo kwa mwanawe anayeumwa. Mafuta ameyapata kanisani kwao jijini, baada ya kupanda mbegu, yaani kumtolea mtumishi fedha.

"Mbegu ya kiasi gani, mama?"

Akanitajia. Ni kodi ya chumba ya miezi miwili. "Mtumishi alisema nisihesabu, mwanangu. Ukihesabu, baraka inakwama."

Sikubishana naye. Mzazi mwenye mgonjwa hushika chochote anachopewa, na imani yake ilikuwa ya kweli kuliko ya wengi wetu tunaofika misani kwa mazoea. Hasira yangu ilikuwa kwa huyo aliyemkataza kuhesabu. Kabla hajashuka nilimwomba namba ya simu, nikamwambia nina shangazi Magomeni ya Bagamoyo, huenda akamfaa.

Nilikuwa nakwenda kusali kwenye misheni ya zamani. Ukiingia pale unapita chini ya miembe mikubwa, na wageni wengi hukimbilia mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Wapo wanaodhani walifungwa watumwa. Wenyeji husimulia kuwa alifungwa punda. Mimi nilikwenda moja kwa moja makaburini.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misheni hii mwaka 1868. Soko la watumwa Zanzibar lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Walikomboa watu kwa fedha, wengi wao watoto, wakawalisha, wakawafundisha kusoma na ufundi, na waliokua wakaoana na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni. Homa iliwamaliza wamisionari wakiwa bado vijana. Nilitembea msalaba hadi msalaba nikitoa hesabu ya miaka, na mara nyingi jibu lilikuwa dogo kuliko umri wangu.

Ila nisiyapambe mambo. Waliokombolewa waliishi kwa kengele: kengele ya sala, kengele ya shamba, kengele ya kulala. Hawakuulizwa wanataka nini, na wapo waliotoroka. Katika mawe niliyosoma sikukutana na jina la hata mmoja wao, na hilo liliniuma, kwa sababu jasho lililolima mashamba haya lilikuwa lao. Hata hivyo, jambo moja halikuniachia: hapa kanisa ndilo lililotoa fedha ili mtu awe huru. Leo mtu ndiye anayedaiwa fedha ili apate neema.

Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, bado umesimama. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Walioubeba kwa miezi, kutoka Chitambo alikofia, katika Zambia ya leo, waliongozwa na watumishi wake, Chuma na Abdullah Susi. Susi alikuwa Mwislamu wakati huo. Ubatizo ulikuja miaka mingi baadaye. Nilisimama pale nikiwaza kwamba moja ya kazi kubwa za huruma zilizoingia kwenye mlango ule ilifanywa na mtu ambaye hakuwa wa kanisa lolote.

Jioni nilikwenda na shangazi jumuiyani. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, huku ndiko Ukatoliki wetu unakoishi hasa: kwenye mkeka, uani kwa mtu, kuku wakipita katikati ya Injili. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Injili ya Jumapili ikasomwa, watu wakatafakari, mengine ya maana na mengine marefu tu, kisha katibu akafungua daftari la michango.

Shangazi akasimama akaeleza habari za yule mama. Baba mmoja akauliza, bila ubaya, kama ni Mkatoliki. Si wetu, akajibu shangazi. Ukapita ukimya, mtu mwingine akasema mfuko wenyewe hautoshi hata wajane wetu.

Mwenyekiti, mwanamke anayeuza vitumbua asubuhi, hakuhubiri. Alimwomba katibu asome kilichomo, kwa sauti, shilingi kwa shilingi, kila mtu asikie. Akagawa: hii ya wajane, hii ya msiba wa juzi, hii inabaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Akaniambia nimpigie mama simu pale pale. Mama akasema mtoto ana homa ya siku tano, hajapelekwa hospitali kwa sababu hana nauli wala fedha ya vipimo.

Yule baba aliyeuliza ndiye aliyejitolea bodaboda yake. Wakakubaliana kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, yeye na shangazi wampeleke mtoto hospitali ya wilaya, katibu awe na fedha mkononi na arudi na risiti Jumamosi ijayo. Mwenyekiti akamkumbusha shangazi jambo moja: kichupa cha mafuta mtu asikiguse wala kukisema.