Kilo 12 za Lego na Ungo wa Mama Mkwe

Wifi yangu anaishi Aarhus, nchini Denmark, na alipokuja likizo Dar es Salaam aliburuta begi la kilo 12 lililojaa lego, yaani vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyobanana kwa vinundu vyake, matofali ambayo wanawe, ambao sasa wameota ndevu, walikwisha kuyasahau. Yeye alijua amewaletea wanangu zawadi. Mimi nilijua nimeletewa kazi. Begini mlikuwa na mchanga, manyoya ya paka, makombo ya biskuti, na hata matofali aliyochezea mumewe utotoni, ambayo kwa mshangao wangu yalibana sawasawa na mapya. Wifi akanieleza, kwa majivuno ya mtu aliyeolewa huko, kwamba tofali la mwaka 1958 hushikana na la leo, na kwamba jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri".

Kosa la kwanza nililifanya kwa kufuata ushauri. Jirani yangu, ambaye hana mtoto mdogo wala hajawahi kushika lego, alisisitiza kwamba kitu chochote cha mtumba ni lazima kiunguzwe kwa maji ya moto ndipo mtoto akiguse. Nikayamwaga maji ya birika zima, yakiwa bado yanatokota, juu ya beseni la kwanza, nikaenda zangu kupika. Niliporudi, vile vipande virefu na vyembamba vilikuwa vimejikunja kama maganda ya ndizi juani, na matofali kadhaa yalikuwa yamelegea kiasi kwamba ukiweka moja juu ya jingine kisha ukainua, la chini linabaki mezani. Hapo ndipo wifi aliponiambia, tena akicheka, kwamba watengenezaji wenyewe wanataka maji yasizidi nyuzijoto 40 na kazi ifanywe kwa mkono. Ningeshukuru zaidi kama angelisema hilo kabla ya birika.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alinitazama nikichambua mchanga kwa kidole, tofali moja baada ya jingine, akavumilia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kwani huu si mchele wenye mchanga tu?" Akaagiza ungo. Nimeona watu wakipepeta mchele, mtama na kunde, lakini sikutegemea kuona lego zikipepetwa: zilipanda na kushuka kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati, manyoya ya paka yakapeperuka, mchanga na vipande vidogo vikasogea ukingoni, na matofali mazito yakajikusanya upande wake kwa utii wa ajabu. Watoto walipanga foleni wakitaka zamu. Nilipojaribu mimi, nusu iliishia chini ya makochi.

Baada ya hapo niliyatia matofali katika mfuko nilioushona kwa chandarua kilichochanika, nikautikisa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, na kuutundika kivulini, kwa sababu jua likizidi huyageuza matofali meupe kuwa ya njano. Yale yaliyogandana mume wangu aliyabandua kwa meno, mpaka tulipogundua kwamba ukibandika tofali refu juu ya kipande kilichoganda na kulibonyeza kama wenzo, kinachomoka chenyewe.

Umeme ulipokatika jioni, tulitandika khanga sebuleni na kumwaga kila kitu juu yake. Mchezo ukiisha unakusanya pembe nne, unafunga fundo, na nyumba ni safi. Kwa wiki mbili walijenga daladala zisizo na milango na kugombania magurudumu. Mchezo uliotunasa ni mwingine: watu wawili wanakaa wakipeana mgongo, kila mmoja ana matofali sita yanayofanana na ya mwenzake, mmoja anajenga huku akieleza kwa maneno, na wa pili anajenga kwa kusikia tu. Binti yangu wa miaka saba alimshinda baba yake mara tano mfululizo, kwa kuwa baba hakuweza kusema "kushoto" bila kuulizwa, "Kushoto kwako au kwangu?" Wifi alipotuambia kwamba matofali sita ya vinundu vinane yanaunganika kwa njia 915,103,765, mume wangu alibisha na kuamua kuhesabu mwenyewe. Kwa matofali mawili alizipata njia 24. Kwa matatu, ambayo yana 1,060, akaenda kulala.

Kumbe sita yanatosha! Nikaona haya kuwaacha watoto wawili wakikalia kilo nzima nzima.

Nilipotaka kuyagawa mengine, niliambiwa, "Wewe peleka popote, watapokea." Nikapakia ndoo kwenye bodaboda hadi chekechea moja. Mwalimu akachukua kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, akakiweka kiganjani, akauliza, "Mama, hiki kitaingia puani mwa nani?" Nilirudi na ndoo yangu.

Mara ya pili niliuliza kwanza. Mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya jirani, ambaye alikuwa akifundishia hesabu kwa vizibo vya soda, alitaka matofali makubwa tu, yakiwa yamegawanywa tayari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nilimpelekea fundi cherehani mabaki ya vitenge, akanishonea mifuko 34 kwa elfu kumi na kitu. Kila mfuko uliingia matofali 12, sita kwa sita, kwa ajili ya watoto wawili. Mwanangu mkubwa alificha mekundu ndani ya soksi za shule hadi tulipokubaliana kwamba magurudumu yote yatabaki kwetu. Sikumwambia kwamba mwalimu hakuyahitaji.

Siku ya kukabidhi nilikaa nyuma ya darasa. Mwalimu aliinua tofali na kuuliza mbili mara nne ni ngapi, vidole vikatembea juu ya vinundu, kisha akawageuza wapeane mgongo. Dakika haikupita, kila dawati likawa linauliza, "Kushoto kwako au kwangu?"

Wifi ametuma ujumbe kwamba Desemba anakuja na begi jingine. Nimemjibu alete tu, ila amuache paka.