Nilivyopasuliwa ngiri nikiwa na figo ya mdogo wangu

Ukishapandikizwa figo, kila mtu mtaani anageuka daktari. Ngiri iliponitokea, jirani yangu hapa Keko akanishauri niache dawa za kushusha kinga wiki nzima kabla ya upasuaji, eti kidonda kipone upesi. Akamleta na shemeji yake, bwana mifugo, aje kumuunga mkono. Kidonda kingepona, sawa, halafu mwili ungeishambulia figo. Figo yenyewe alinipa mdogo wangu wa kike, tukaifuata India mwaka 2015, Muhimbili walikuwa bado hawajaanza kupandikiza. Wao walianza 2017. Niipoteze kwa maneno ya kijiweni?

Tena ngiri ilichagua pabaya. Figo ya kupandikizwa haikai mgongoni, inawekwa mbele, chini tumboni. Yangu iko kulia, na ngiri nayo kulia, na mrija wa mkojo wa hiyo figo unapita jirani hapohapo.

Hospitali ya kwanza daktari akatupia jicho faili: "Ngiri tu hii, kesho unaingia." Nikamuuliza kwa upole, daktari, maumivu mtanituliza na nini? Diklofenaki, sindano. Na ya kuzuia vijidudu? Jentamaisini. Hizo zote mbili ni adui wa figo! Nikamwambia nina figo moja ya kuazima. Akasema, "Dozi ndogo haina shida, mzee." Nikavaa shati. Mke wangu nilikutana naye kwenye ngazi anapandisha hotipoti ya uji. Tuliunywa kwenye daladala, abiria wanatutazama.

Basi nikarudi kwa daktari wangu wa figo. Akaandika barua, akaongea mwenyewe na daktari wa upasuaji wa hospitali nyingine. Hapo ndipo nilipotumia ufundi wangu. Nilimwomba yule wa ultrasound anichoree mipaka ya figo kwa maka peni, nami nikaongezea alama ya X na "USIKATE HAPA", kama ninavyoweka alama kwenye ubao wa mninga kabla vijana hawajashika msumeno. Mkono wa kushoto wenye fistula, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa, niliyokuwa nasafishia damu kwa mashine, nikaufunga bandeji na kuandika "HAKUNA DRIPU, HAKUNA PRESHA". Manesi walicheka mpaka wakaitana, lakini mkono haukuguswa.

Daktari wa usingizi hata salamu hajamaliza, nikamdaka: nimemeza prednisoloni, mojawapo ya zile dawa za kushusha kinga, miaka yote hii, tezi zangu zimezoea kubebwa na hazitoi tena homoni ya kutosha, nisipopata haidrokotisoni ya kuziba pengo hilo presha inaweza kuporomoka mezani. Akanitazama. "Baba, na mimi nilisoma." Alikuwa ameshaiandika.

Asubuhi walichukua kwanza damu ya kupima kiwango cha takrolimasi, dawa yangu nyingine ya kushusha kinga, ndipo nikameza dawa kwa funda la maji. Sista akaja juu, "Baba, si nilisema hakuna kunywa?" Nikamfungulia faili, maandishi ya daktari wa usingizi yako palepale. Ombeni nanyi muandikiwe. Maneno ya mdomo hayavuki zamu ya usiku.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala. Baada ya hapo parasetamoli, tramadoli kidogo, mkojo unapimwa, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, inarudiwa. Haikupanda. Kidonda ndicho kilichonichosha: wa kitanda cha pili alitolewa nyuzi akaenda zake, mimi zangu zipo tu. Wekundu kidogo nikauonyesha siku hiyohiyo, maana kwa dawa zetu homa inaweza isije kabisa na usaha upo.

Bima ilibeba kiasi kikubwa, mimi nikatoa laki kadhaa, nyingi za vipimo. Kikohozi kiliponipata, muuza duka la dawa akanipa klarithromaisini. Inapandisha takrolimasi kwenye damu, nikamrudishia. Akanuna.

Mbao sasa nabebewa na vijana. Jirani yangu ameanza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenishauri.