Mrunda wa Tatu

Ilikuwa Februari, joto la Dar limekolea, na pale Tabata tulikuwa na slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza ya kumwaga kwa siku moja. Mita 12 kwa 10, unene sentimita 15, yaani zege mita za ujazo 18. Nilikuwa na wiki 3 tu tangu nitolewe kwenye kusuka nondo nikapewa usimamizi.

Hesabu nilizijua. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo 3 na nusu za lita 20, kokoto za Lugoba ndoo 7, maji lita 25, nayo unayapunguza kidogo mchanga ukiwa umelowa. Kwa mikisa moja, ile mashine ya kuchanganya zege, mchanganyiko mmoja kila dakika 5, michanganyiko inapita 110. Tukianza saa 12 asubuhi, tunamaliza kabla ya saa 10 jioni. Slabu haiachwi popote pale ukajiendea nyumbani, maana zege la leo halishikani vizuri na lililokauka jana, na hapo kwenye maungio ndipo maji hupenya.

Saa 2 nikamkuta saidia fundi mmoja anamimina ndoo ya ziada ya maji kwenye mikisa. Wabeba karai hupenda zege jepesi kwa kuwa linateleza lenyewe, lakini maji yale yakishakauka huacha vitundu ndani, na nguvu ya zege inashuka. Kosa lilikuwa kosa kweli, na lilitakiwa kukomeshwa palepale. Ila nilimfokea mbele ya watu zaidi ya 30, nikasema akirudia anaondoka bila hela ya siku. Kijiwe kizima kikanyamaza. Kazi ikaenda mbio, nami nikaamini ule ukimya ni nidhamu.

Saa 6 kasoro, mzee wetu wa mbao aliyekuwa akipita chini ya fomu, zile mbao zinazobeba zege bichi, akaniita taratibu: "Bosi, shuka uone huku."

Mrunda wa tatu kutoka pembeni, moja ya nguzo za miti zinazoegemeza fomu kwa chini, ulikuwa umezama. Kila mrunda husimama juu ya kipande cha ubao kinachotawanya uzito ardhini, na kukazwa kwa kabari mbili. Maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka kwenye pipa la mikisa yalikuwa yamejichimbia njia hadi pale, kifusi kikawa tope, ubao ukadidimia na kabari zikabaki zinaning'inia. Tulipopima usawa kwa mpira wa maji, fomu ilikuwa imeshuka sentimita 2. Mita moja ya mraba ya slabu ile ina zege la kilo 360 hivi. Mrunda mmoja ukiacha kubeba, mzigo wake unahamia kwa majirani, nao wakishindwa inashuka slabu yote, na walioko juu pia.

Nikasimamisha mikisa, nikatoa watu wote juu ya eneo lile. Kijana aliyekuwa akikaza kabari huko chini alikuwa amesimama kando, ameshika nyundo.

"Ulikuwa hujauona?"

"Niliuona tangu saa 5, bosi. Niliogopa utanifukuza kama ulivyotaka kumfukuza yule."

Sikuwa na la kumjibu, na muda haukuwepo. Zege la pale lilikuwa na karibu saa moja, na kwa jua lile lisingekawia kuanza kushika. Likishaanza, ukilinyanyua unalipasua. Tukalikwangua kwa makoleo eneo lote lililobonyea, tukatupa tope, tukalaza mbao mbili pana, tukasimamisha mirunda miwili mipya ubavuni mwa ule wa zamani. Mzee wa mbao akapandisha kabari kidogo kidogo, mimi nikiangalia mpira wa maji mpaka usawa ukarudi. Pipa likahamishiwa upande wa pili. Dakika 40 zikaenda.

Kabla mikisa haijawashwa nikawaita wote. Nikamwomba radhi yule wa maji mbele ya walewale waliosikia nikimfokea, kisha nikaeleza kwa nini maji hayaongezwi, jambo ambalo asubuhi sikulieleza. Tukatundika kipande cha nondo chini ya fomu: yeyote akiona kitu, agonge, mikisa inazimwa bila kuniuliza mimi.

Saa 9 nondo ikagongwa. Nikashuka. Kijana alidhani kabari ya mrunda wa kona imelegea. Niliigusa, nikaipiga kwa nyundo, imekaza. Kilichomtisha ni ganda la mti lililobanduka kwenye mrunda. Alianza kuomba samahani. Nikamwambia, "Asante. Ukiona tena, gonga tena," kwa sauti ya kufika kwa waliokuwa juu, nikapanda, mikisa ikawashwa.

Alasiri ile aligonga mara 2 zaidi. Mara ya mwisho kabari ilikuwa imelegea kweli.