Fundi wa tairi usiyeweza kumsimamia

Temeke nilizoea kumsimamia fundi wa tairi kichwani. Anabandua tairi kwenye rimu kwa mitaimbo, anaizamisha kwenye beseni, mapovu nayaona mwenyewe, na nati ikibaki mkononi mwake naiona pia. Hapa Stuttgart unakabidhi ufunguo, unaonyeshwa kiti na mashine ya kahawa. Karakana mteja haingii, eti bima.

Mwaka 2022 nilinunua Porsche Cayman ya 2009, mtumba (msinicheke, nimebeba maboksi miaka kumi na moja). Oktoba ikafika. Wajerumani tairi za baridi huzivaa toka Oktoba hadi Pasaka, na kwa kuwa kwa Kijerumani yote mawili yanaanza na O, wamepata na msemo: "toka O hadi O". Nikaenda duka la bei chee jirani na kwangu, jina naliacha. Tairi nne mpya, dakika arobaini, kwaheri.

Nyumbani nikakuta rimu moja ina mkwaruzo kama wa kisu. Wiki mbili baadaye nikataka kufungua gurudumu, bolti ikagoma hata nilipopanda juu ya spana kwa miguu miwili. Walizikaza kwa mashine ya upepo, basi. Gari hili linataka Nm 130 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na hizo huzipati kwa kukisia. Inatakiwa spana yenye kipimo. Halafu nikasoma zile tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 3018. Wiki ya 30, mwaka 2018. "Mpya" zangu zilikuwa zimelala stoo miaka minne, na mimi sikuuliza.

Fundi wa sasa nilielekezwa na Mkenya tunayesali naye. Ilikuwa Aprili, narudisha tairi za kiangazi. Kabla hajashika jeki, mzee yule akaniuliza: soketi maalumu ya kufungulia bolti za kufuli, zile za kuzuia wezi, iko wapi? Rimu zina sensa za upepo? Kisha akainama kutafuta herufi N ubavuni mwa tairi, alama ya zile zilizoidhinishwa na Porsche. Duka la kwanza hawakuniuliza chochote zaidi ya kadi au taslimu.

Nilikuwa nimejiandaa kununua mbili za nyuma. Kwenye gari hili za nyuma ni pana, milimita 265 kwa 235 za mbele, kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele ili ziishe sawasawa, na bei yake inauma. Akachomeka kipimo kwenye mifereji: milimita 4. "Sheria ni 1.6," akasema, "endesha msimu huu, tutaonana." Akaacha kuniuzia! Hapo nikajua nimefika.

Alinitoza karibu mara mbili ya wale wa kwanza kwa kubadilisha na kubalansi, nikalipa bila kununa. Vile vipande vya uzito vya kubalansi alivibandika upande wa ndani wa rimu, nje havionekani.

Karakana hakuniruhusu, bima ni ileile. Ila kwake kuna dirisha kubwa la kioo. Akaniambia nirudi baada ya kilomita 50 azijaribu bolti tena, bure. Nikarudi. Bolti ishirini, kila moja akaigusa kwa ile spana, ikalia tik bila kusogea. Nilizihesabu nikiwa nimebandika pua kwenye kioo.