Kamera ya Cirkut: picha ikikosa ukali shuku gia, ikiwa na milia shuku mota

Kamera za panorama (za kupiga picha pana sana) za zamani ni za namna mbili. Kwenye Al-Vista ya 1898, au Kodak Panoram iliyoifuata 1899, mwili umetulia, lenzi ndiyo inayogeuka, na filamu imelazwa kwa upinde nyuma yake. Hizo hazina mambo mengi. Yenye mambo ni Cirkut, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1904: kamera nzima inazunguka juu ya stendi yenye gurudumu la meno, huku mota ya springi ikivuta filamu mbele ya mwanya mwembamba wa wima.

Filamu lazima ikimbie sawasawa na taswira inayosogea juu yake kamera ikizunguka. Kwa mzunguko mzima, urefu wa filamu ni 2 × 3.14 × umbali kati ya lenzi na filamu. Umbali ukiwa milimita 254, zinahitajika 1,595 hivi. Ukivuta lenzi hadi 260 ili kulenga watu wa karibu, zinahitajika 1,633. Ndiyo maana kamera ilikuja na seti ya gia ndogo za kubadilisha. Ukisahau kubadilisha, kwa mwanya wa milimita 6 kila nukta inaburuzwa kama milimita 0.14, na picha inakosa ukali. Mwanya wa milimita 3 unapunguza kosa hilo nusu, ila nao mwanga unapungua nusu.

Milia ya wima ni ugonjwa mwingine, na wengi huhangaika na gia bure. Mota moja ndiyo inayoendesha filamu na mzunguko, kwa hiyo ikisita vyote vinasita pamoja: ukali unabaki, lakini sehemu hiyo inakula mwanga zaidi na kwenye picha iliyochapwa inatokea mlia mweupe. Mara nyingi ni grisi iliyoganda, au uchafu kwenye meno ya gia. Legeza springi yote kwanza (ikifyatuka inakata vidole), safisha kwa benzini, kausha, kisha tia tone dogo la mafuta ya saa kwenye kila egemeo. Usirudishe grisi.

Stendi ipimwe kwa pimamaji, la sivyo upeo wa macho utapinda kama wimbi. Kundi la watu lipangwe kwa upinde, wote umbali mmoja na kamera. Wakisimama kwenye mstari ulionyooka, wa katikati wanatoka wakubwa na wa pembeni wadogo. Na mota huanza kwa kusitasita, basi iwashe kabla mwanya haujamfikia mtu wa kwanza.